Mume Asiyekula Kwake: Sehemu ya Sita

Kioo cha gari kiligongwa mara ya tatu, na safari hii kiligongwa kwa funguo.

Msomaji wangu, Jumamosi iliyopita uliniacha pabaya, wala sikulaumu, maana aliyenipeleka huko ni mimi mwenyewe. Nilikuwa uani kwangu Tegeta, saa sita na nusu mchana, nimejifungia ndani ya gari. Vioo vyote juu, kiyoyozi kibovu tangu mwaka juzi, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Kwenye simu kulikuwa na mwanamke. Na mimi nilikuwa nimetoka kumwambia mwanamke mwingine kabisa maneno haya, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia:

"Nunu mpenzi, sikuachi kwa kuwa nimekuchoka. Nakuacha kwa kuwa mwili wangu haukuwezi tena."

Nje ya kioo alisimama mke wangu, Khulud. Nyuma yake alisimama mama yake, Bi Manal, ambaye husikia vizuri zaidi akiwa hajaitwa.

Kwa aliyeanza kusoma leo, habari ni fupi. Naitwa Muhannad, nauza magodoro. Mwaka jana nilikuwa na kilo mia moja hamsini na nane, na hilo ndilo lilikuwa tangazo la duka langu. Mteja akiuliza kama godoro litadumu, mimi nalikalia. Nikinyanyuka nalo likanyanyuka, analipa bila kubishana.

Kisha daktari akaniambia kwamba sukari na presha zinagombania nani aniondoe kwanza. Nikaingia hospitali kimyakimya, wakanikata sehemu kubwa ya tumbo, wakanibakizia kipande chenye ukubwa wa ndizi. Nyumbani nikasema nimepasuliwa ngiri. Leo nina kilo mia na tatu, na hakuna anayenunua godoro kwa ushahidi wangu.

Yule mwanamke wa kwenye simu ni Demetria, mwanasaikolojia. Anakaa Segerea, na hatujawahi kuonana ana kwa ana hata siku moja. Kila Jumamosi saa sita ananipigia simu ya video. Kazi yake aliieleza siku ya kwanza: "Tumbo limepunguzwa, Muhannad, lakini kichwa bado kinakula kama zamani." Wiki hiyo alinipa zoezi. Niandike barua ya kukiaga chakula nilichokipenda kuliko vyote. Nikipe jina, nikisemeshe kama mtu.

Jina kilikuwa nalo. Kawe kuna mama anapika biriani, anaitwa Nunu, na sisi wateja wake hatuna muda wa kusema "biriani ya Nunu". Tunasema Nunu. Twende tukale Nunu. Nunu wa leo kakolea. Jamani, Nunu kaisha. Sahani mbili kila Ijumaa, miaka sita. Sasa fikiria mtu amesimama nje ya gari, anasikia hayo.

Nikashusha kioo.

"Nunu ni nani?" Khulud akauliza.

Ukweli ulikuwa hapa mdomoni. Niliuonja, nikauona mchungu, nikaumeza.

"Mteja," nikasema.

"Mteja wa nini?"

"Godoro."

"La futi ngapi?" akadakia Bi Manal.

"Tano kwa sita. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. La kulalia yeye na nani?"

Kabla sijajibu, Demetria naye akataka kunisaidia. "Muhannad, uko salama hapo ulipo?" sauti yake ikatoka kwenye usukani. "Kuna mtu yuko na wewe?"

Nikamkatia simu. Msomaji, mtu asiye na kosa hakati simu namna ile.

"Mama umeona?" Khulud akamgeukia mama yake. Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Umeona mwenyewe. Kapungua, mashati kanunua mapya manne, kila Jumamosi anajifungia kwenye gari kama mwizi wa gari. Mie nilikuwaga najiambia ni ile ngiri. Lakini chakula hali! Miezi tisa, Mama. Nampakulia sahani, anakula vijiko vinne, ananiambia ameshiba."

Akanigeukia.

"Umeshibia wapi, Muhannad?"

Hapa mjini mume akirudi ananukia marashi ya kike anaweza kujitetea, atasema alipanda gari moja na mabibi harusi. Akirudi ameshiba, hana utetezi. Tumbo lililojaa lina mahali lilipojaziwa, na mahali hapo pana jiko, na kwenye jiko pana mtu. Hata mimi ningekuwa Khulud ningemhukumu Muhannad.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo. Khulud si mtu wa kusema "nakupenda". Sijamsikia akilisema hilo zaidi ya mara mbili, na moja alikuwa na homa. Yeye hupika. Nilipofiwa na baba alipika. Duka lilipoungua alipika. Kila alichotaka kuniambia kwa miaka kumi na moja alikiweka kwenye sahani, nami nikakijibu kwa kuimaliza. Ningemwambiaje kwamba nimelala kwenye kitanda cha hospitali kwa hiari yangu, nikakatwa nisiweze kuimaliza tena? Kwa hiyo nikasema ngiri, na nilijiona mjanja sana.

Wakati huohuo geti likafunguliwa, akaingia Mzee Sultan, baba mkwe wangu, mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu Kariakoo. Alikuja kwa chakula cha mchana. Bi Manal alimpokea kwa habari nzima kabla hajavua viatu, tena aliongeza za kwake mbili.

Mzee Sultan haongei sana. Alisikiliza, akanitazama, akaingia ndani, akakaa mezani.

"Pakua," akamwambia Khulud.

Khulud akaleta sahani ya pilau. Sisemi sahani ya nyumbani ya siku hizi, nasema ile ya zamani, ile yangu mwenyewe, pana, yenye maua pembeni. Pilau ya nyama, ndizi mbivu juu, kachumbari kando. Mzee Sultan akaisogeza mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Mwanaume mwenye pa kula kwingine, kwake anachezeachezea tu," akasema. "Maliza hiyo. Ukiimaliza, wallahi sitauliza tena habari ya Nunu mpaka nakufa. Ukibakiza, Khulud anaondoka na sisi alasiri hii."

Nikamtazama Khulud nikidhani atakataa. Hakukataa. Alikuwa amekunja mikono kifuani, macho mekundu, na nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa ananiombea dua niimalize. Hapo ndipo roho iliponiuma kweli.

Mtu mwenye busara angesema ukweli. Mimi nikashika kijiko.

Cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Pilau ya Khulud ni tamu, lazima niseme, na kichwa changu kikafurahi kama siku ya Iddi. Cha tatu. Cha nne. Hapo tumbo langu la ndizi likasema limefika.

"Endelea," akasema Mzee Sultan.

Cha tano nilikisukuma kwa maji, kosa ambalo hospitali walinikataza kwa maandishi, kwa picha, na kwa mdomo. Cha sita, kifua kikabana. Jasho likaanza kwenye nywele, likashuka kwenye shati jipya.

"Mtazameni," Bi Manal akanong'ona kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. "Jasho la mwongo hilo."

"Muhannad," Khulud akasema taratibu, "ni pilau yangu. Ulikuwaga unaomba uongezwe."

Nikatia cha saba mdomoni. Sikukimeza. Niliinuka, nikaangusha kiti, nikakimbilia chooni, na yaliyotokea huko siyaandiki, maana gazeti hili linasomwa na watu wakiwa mezani.

Nikiwa nimepiga magoti sakafuni nikamsikia Bi Manal akigonga viganja.

"Sultan! Mwanaume anatapika pilau? Mie nimeshaliona hili kwa kaka yangu, Allah amrehemu. Mkewe kabeba, yeye ndiye anatapika, miezi mitatu mfululizo. Huyo Nunu ana mimba!"

"Astaghfirullah," akasema Mzee Sultan.

Nilimsikia Khulud akivuta kiti na kukaa.

Nilitaka kutoka nikanushe hiyo mimba. Na hapo ndipo simu yangu, niliyoisahau juu ya meza ya chakula, ikaanza kuita.

Demetria ana utaratibu wake. Mgonjwa akikata simu ghafla katikati ya kipindi, ni lazima ampigie tena kuhakikisha yuko hai. Ni utaratibu mzuri sana, na ndio ulionimaliza.

"Haloo," nikasikia Khulud akipokea.

"Habari za mchana. Samahani, ninamtafuta Muhannad. Ameniacha katikati, nina wasiwasi naye."

"Wewe ndiye Nunu?"

"Hapana. Mimi siyo Nunu."

"Kwa hiyo mko wawili!" Bi Manal akapaza sauti.

"Mimi ni mke wake," Khulud akasema. "Niambie wewe ni nani yake, na Nunu ni nani."

Kisha nikamsikia Demetria akitoa jibu alilofundishwa chuoni, kwa upole kabisa, jibu la mtu anayeheshimu kazi yake.

"Nasikitika, dada. Siwezi kukueleza lolote. Yote tunayoongea mimi na Muhannad ni siri yetu wawili."

Siri yetu wawili! Mwanamke ana shahada mbili!

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilitoka chooni nimeshika ukuta, uso umelowa, na nikawakuta wote watatu wananitazama. Wa nne alikuwa kwenye simu, mkononi mwa mke wangu.

Nikapandisha shati.

"Haya," nikasema. "Angalieni."

Kwenye tumbo langu kuna makovu matano, kila moja dogo kama punje ya kunde. Khulud alikuwa anayajua.

"Ngiri," akasema.

"Siyo ngiri. Nilikatwa tumbo, Khulud. Tumbo lenyewe la chakula. Wamebakiza kidogo. Vijiko vinne ndiyo mwisho wangu, sina pengine ninapokula. Huyo kwenye simu ni Dada Demetria, mwanasaikolojia wa hospitali, ananifundisha kuishi hivyo. Muulize. Dada Demetria, nakuruhusu, sema yote."

Demetria akasema. Alieleza vizuri, taratibu: upasuaji, sababu zake, kwa nini mgonjwa anahitaji mtu wa kuongea naye baadaye, kwa nini pilau ile ingeweza kunirudisha hospitali. Alipofika kwenye hilo la mwisho Mzee Sultan aliichukua ile sahani, akaisogeza mbali nami mpaka ukingoni mwa meza.

Bi Manal alikuwa na swali moja.

"Hilo tumbo walilokata, wameliweka wapi?"

"Sijui, Mama. Sikuuliza."

"Hukuuliza! Mtu mzima kiungo chake kinakatwa, hata kukizika hakuna!"

"Manal," akasema Mzee Sultan.

"Na Nunu?" Khulud akauliza. Alikuwa hajanyanyua macho kutoka kwenye makovu.

"Nunu ni biriani."

"Biriani."

"Biriani ya Kawe. Niliambiwa niandike barua ya kuaga chakula, nikisemeshe kama mtu."

"Nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia huyu dada, 'Namwota mpaka leo.' Biriani unaiota, Muhannad. Humwoti."

"Najua. Ni mazoea tu, sisi wote pale tunasema hivyo."

"Nunu wa Kawe?" Mzee Sultan akaingilia, na kwa mara ya kwanza mchana ule uso wake ulikunjuka. "Kumbe bado anapika?"

Bi Manal akageuka polepole kumtazama mumewe. Mzee Sultan akarekebisha kofia yake, akagundua kwamba kuna jambo la kutazama dirishani.

Mimi nikacheka. Nilidhani tumemaliza. Hakuna mwanamke, hakuna mimba, kuna biriani tu. Nilikuwa nimeshinda kesi, na kama ilivyo kawaida yangu, nilikuwa wa mwisho kujua kwamba nimeshindwa.

Khulud hakucheka.

"Miaka kumi na moja nakupikia," akasema. "Umeambiwa uage chakula ulichokipenda kuliko vyote duniani. Umekaa, umefikiri, umeshika kalamu. Ukamwandikia Nunu."

Kama ningekutwa na mwanamke ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Akainua simu, akamtazama Demetria.

"Dada yangu, naomba nikuulize. Miezi tisa mnaongea. Ananitajaga?"

Demetria akasita. "Muhannad, unaniruhusu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikumbuka kila nilichokisema ndani ya lile gari nikidhani kinaishia Segerea.

"Jibu," nikasema.

"Kila Jumamosi," akasema Demetria. "Hakuna Jumamosi ambayo hajakutaja."

"Anasemaje?"

"Anasema anakuogopa."

Nilitamani sakafu ifunguke, na kwa kilo zile za zamani pengine ingefunguka. Khulud akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, taratibu, Demetria akiwa bado yumo.

"Baba, Mama, naomba mkakae barazani kidogo."

Wakatoka, Bi Manal akiwa wa mwisho na wa polepole. Khulud akafunga mlango. Akarudi, akavuta kiti, akakaa mbele yangu magoti yakigusana.

"Haya. Niogope huku nakutazama. Unaogopa nini?"

Nikameza mate, na siku hizi hata mate nayameza kidogo kidogo.

"Wewe uliolewa na yule mnene," nikasema. "Ulimpenda yule, ulimlisha ukamwona anafurahi. Huyu aliyebaki hawezi kulishwa. Naogopa ukishajua kwamba yule harudi, utakuta huyu hakuhusu."

Nilisema nikaanza kulia, mwanaume mzima, mbele ya mke na mwanasaikolojia.

Khulud akavua pete yake ya ndoa, akaiweka juu ya meza kati yetu.

"Yule mnene alikuja kwetu kuniposa," akasema. "Akakaa kwenye kiti cha Baba, kiti kikavunjika, watu wote wakaona. Akainuka, akajipangusa, akaendelea kuposa amesimama. Siku ile nikasema huyu ndiye. Sikuangalia tumbo lake, Muhannad. Niliangalia kwamba mtu kaaibika na hakukimbia."

Akaisukuma pete mpaka kwenye vidole vyangu.

"Wewe umekatwa, umeogopa, umelia kwenye gari, na miezi tisa umenikimbia ndani ya nyumba moja. Wewe sikujui. Unaishi kwangu kwa jina la mume wangu. Kama unanitaka, baba yangu yuko pale barazani. Kapose."

"Khulud..."

"Kapose. Na mie nitafikiria."

Akanifungulia mlango. Nikajikuta nje, shati limelowa jasho, pete kiganjani.

Mzee Sultan alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, Bi Manal pembeni yake. Bila shaka walikuwa wamesikia kila neno, maana mlango ule hauzuii hata harufu ya vitunguu. Nikasimama mbele yao. Nikaweka mkono kifuani.

"Assalamu alaykum."

Mzee Sultan akaitikia salamu. Akanitazama toka utosini mpaka kwenye ndala, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Karibu, kijana," akasema. "Kwenu wapi?"

"Muulize kabisa kama anakula," akasema Bi Manal.

"Kijana," Mzee Sultan akaendelea bila kumjali, "posa haiji peke yake. Mshenga wako nani?"

Nikageuka nyuma. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua jinsi ya kunisemea, na huyo alikuwa ndani, kwenye simu yangu, ameegemezwa kwenye jagi. Nikaukimbilia mlango. Ulikuwa umeshafungwa kwa ufunguo, na kwa ndani nikamsikia Khulud akivuta kiti karibu na meza.

"Sasa, Dada Demetria," akasema, "ya kwake umeyasikia. Mie nami nina langu, na huyu mwanaume asilijue kwanza."